Udongo Aliokunywa Gavana

Apolonia Rustveld hakumwamini mtu yeyote aliyetabasamu kabla ya saa tatu asubuhi. Mwenye tabasamu la mapema, alisema, ama anataka kuomba, ama ameshachukua, ama ametumwa. Na Paramaribo ya miaka ile, mji mkuu wa koloni la Suriname, ilijaa watu waliotumwa. Ungekohoa uani kwako Jumatatu, Jumatano ungesikia watu wa Jumba la Gavana wanakuulizia kifua.

Yeye mwenyewe alikuwa wa Jumba hilo, ila wa upande wa nyuma. Alikuwa dobi. Alikuwa amewafulia magavana wanne, na kama wangejua alivyowajua wangelala sakafuni. Wa kwanza alikuwa mlevi wa kitandani, shuka zake zilinuka pombe hata baada ya kuchemshwa. Wa pili alikuwa mtu wa machozi: foronya zake zililowa upande mmoja kila meli ya barua ilipofika. Wa tatu alikuwa na mambo ambayo mwanamke mwenye heshima zake hayasemi, basi na sisi tuyaache. Apolonia aliyaona yote hayo, akayatia maji, sabuni, buluu na wanga, akayaanika yakiwa meupe. Wala hakumwambia mtu.

Alikuwa na sababu ya kunyamaza. Mwaka mmoja kabla ya habari hii, mtaani palivuma kwamba gavana wa nne na mkewe wanalala vyumba mbalimbali. Ilikuwa kweli, na ilitoka uani kwa madobi. Wawili wakafukuzwa siku hiyohiyo, na wenye mikataba ya lazima wakifukuzwa kwa aibu hawapati kazi nyingine ila ya kukata miwa. Nani aliyewachongea? Haikujulikana. Apolonia alihesabu waliokuwapo uani maneno yale yaliposemwa, akapata watu sita. Mmoja wao alikuwa Filida, aliyekuja kuomba makaa ya pasi. Na mwezi uliofuata huyo Filida akapewa ruhusa ya kuuza togwa ya tangawizi mbele ya lango la Jumba, mahali ambapo wengine walifukuzwa na askari. Kikulacho ki nguoni mwako, Apolonia alijisemea, na tangu hapo akawa anampimia rafiki yake maneno kwa kijiko.

Nasema rafiki yake, kwa maana walizaliwa mwaka mmoja na kibanda kimoja, katika shamba la Mijn Geduld, kando ya mto Commewijne. Jina hilo maana yake ni Subira Yangu. Subira ilikuwa ya bwana, kazi ilikuwa ya watumwa. Ardhi ya kule iko chini ya usawa wa maji, basi ili chochote kiote lazima mto uzuiwe kwa boma la udongo, na mvua itolewe kwa mifereji hadi kwenye mlango wa mbao unaofunguliwa maji yakipwa na kufungwa yakijaa. Mama yake Apolonia alichimba tope la boma lile maisha yake yote. Alifia humo, akazikwa palepale kando yake. Apolonia alipotimiza miaka kumi na minne aliuzwa mjini kufua nguo, na tangu siku ile hakupata nafasi ya kulimwagia kaburi lile hata tone la ramu. Kwa watu wake, mama asiyemwagiwa kinywaji ana haki ya kununa, na mama aliyenuna huko aliko anajua njia ya kuja ndotoni.

Kwa hiyo alikuwa na haja moja tu duniani. Apate kipande cha ardhi pale penye kaburi, apande ndizi na mihogo, azeeke, azikwe ubavuni mwa mama. Mengine yote, pamoja na uhuru wenyewe, aliyapokea kwa jicho la pembeni. Watumwa walipotangaziwa uhuru, mwaka elfu moja mia nane sitini na tatu, mizinga ilipigwa, watu wakacheza, yeye akauliza, "Na kesho?" Kesho yake ikaja miaka kumi ya mikataba ya lazima, kila mtu na mwajiri wake, na polisi wa kukagua.

Miaka hiyo kumi ilikuwa inakaribia kwisha alipokuja gavana wa tano, Jonkheer Reinier van Oldebeek; Jonkheer ndivyo wanavyoitwa kwao watu wa nasaba bora.

Huyu hakuwa mgeni. Miaka thelathini nyuma alikuwa luteni hapo ngomeni, kijana mwembamba mwenye shingo nyekundu, aliyejifunza lugha ya mitaani kwa wauza ndizi wa ukingoni mwa mto. Ngomeni ndiko mabwana walikowapeleka watumwa wao kuchapwa, na luteni huyo ndiye aliyesimama na saa mkononi akihesabu. Kaka yake Filida alihesabiwa viboko hamsini. Baadaye luteni akarudi kwao, akaacha jeshi, akaandika kitabu, akaingia Bungeni huko Hague pamoja na waliberali, chama cha mabwana wanaosema kwamba biashara iachwe huru na mtu aachwe huru. Inasemekana alisimama saa mbili nzima akieleza kwamba mwanadamu si ng'ombe. Wenye mashamba wa Paramaribo walilichoma gazeti lililoandika hotuba ile. Sasa Mfalme amemleta awatawale, na wao wanamsalimia kwa ncha za vidole.

Ungedhani weusi wangempokea kwa vigelegele. Lakini aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

"Amebadilika," Filida alisema. "Watu hubadilika, Polo."

"Mkono uliokuwa unahesabu ni uleule," Apolonia alijibu. "Umevaa glavu tu."

Mwezi wa Juni karani wa serikali, Bwana Robles, aliwaita watu wote waliozaliwa Mijn Geduld, familia ishirini na mbili, akapanda juu ya kreti ya sabuni kwenye ua wa Jumba, akawasomea karatasi. Shamba limenunuliwa na serikali. Litakatwa vipande. Kila familia itapewa kipande chake bure, kwa masharti mawili: wakae hapo miaka sita bila kuhama, na kila mmoja atunze hatua mia za boma zilizo mbele ya kipande chake. Miaka sita ikiisha, ardhi ni yao na ya watoto wao.

Mzee mmoja akauliza kwa upole, "Bwana karani, hiyo sita inaanzia wapi? Baada ya ile kumi?"

"Baada ya ile kumi, ndiyo."

"Alaa! Kwa hiyo jumla kumi na sita."

Watu wakacheka, kile kicheko kisichofika machoni. Robles akaanza kueleza kwamba huu si mkataba wa kazi, ni zawadi. Akaeleza mara tatu, na kila alipoeleza watu walizidi kumwona mwongo, maana zawadi gani inaelezwa mara tatu? Wakatawanyika. Hakuna aliyetia alama. Apolonia naye aliondoka, ila moyo ulikuwa unamdunda mpaka akaunguza kola mbili alasiri ile. Kwenye ramani aliyoishika Robles alikuwa ameona mfereji wa tatu, ule uliopita karibu na kaburi la mama yake. Kaburi lilikuwa kwenye kipande namba tisa.

Siku mbili baadaye, saa mbili asubuhi, gavana mwenyewe aliingia uani kwa madobi. Alikuwa anatabasamu.

"Polonia," alisema kwa lugha ya mitaani, ile ya zamani aliyojifunza kwa wauza ndizi, "watu wako mbona hawataki ardhi?"

Apolonia hakuacha kukamua. Mzungu anayejua lugha yako, aliwaza, alijifunza ili akusikie. "Wanaitaka, Masra Gavana. Karatasi ndiyo hawaitaki." Masra ni bwana, kwa lugha hiyo.

"Karatasi ndiyo inayowalinda."

"Hata siku nilipouzwa kulikuwa na karatasi. Nzuri sana, ina muhuri."

Gavana akakohoa, akaegemea pipa la maji. Alikuwa amekonda kuliko alivyofika. "Basi niambie. Nifanye nini mniamini?"

Alitaka kujibu kwamba hakuna. Lakini kipande namba tisa kilikuwa kimemkaa kooni siku mbili, na jibu likatoka jingine. "Kiapo, Masra. Sisi mtu akitoa neno kubwa anakunywa."

Wengine hula kiapo, watu hawa hukinywa. Unachota udongo wa mahali panapoapiwa, unautia kwenye kibuyu pamoja na maji ya mto, udongo mweupe na ramu, na mwenye kutoa neno anakunywa mbele ya wote. Akiwa na uongo moyoni, udongo unamjua. Kabla mwezi haujaisha utamwangusha hadharani.

Apolonia alingoja acheke. Mliberali, mtu wa vitabu, mbunge! Hakucheka. Alisema, "Jumapili. Tutakwenda kwa boti yangu," akaondoka. Na Apolonia badala ya kufurahi akashikwa na wasiwasi mwingine: mtu anayekubali haraka hivi, ama ana moyo safi, ama haogopi kitu.

Jumapili familia zote ishirini na mbili zilikuwa juu ya boma la Mijn Geduld, wanawake na vilemba vyao vilivyotiwa wanga vikasimama kama sahani. Apolonia ndiye aliyechanganya kinywaji. Udongo aliuchota palepale juu ya kaburi la mama yake, na kabla ya kuuchota alimwaga ramu na kusema, "Mama, nimekuletea mgeni. Mwangalie vizuri." Hakuweka udongo kidogo. Aliweka konzi nzima.

"Polo!" Filida alinong'ona. "Hicho si kiapo, hilo ni tope la kujengea. Utamuua mtu wa watu."

"Akiwa mkweli hatakufa. Akiwa mwongo, kidogo cha nini?"

Gavana alivua kofia. Alisema kwa sauti kwamba ardhi hii ni yao baada ya miaka sita, kwamba haitakuwa mkataba wala mtego, na kama anadanganya ardhi imtapike. Akanywa. Alikunywa mpaka chini, macho yakamtoka, tope likamtiririka kwenye ndevu, naye hakufuta. Palikuwa na mwanamke mmoja mzee aliyesema, "Haya, huyu amekunywa kweli," na hapo watu wakaanza kusogea kwa Robles mmoja mmoja kutia alama zao. Filida alipata kipande namba kumi, ubavuni kwa Apolonia. Walishikana mikono kama walivyoshikana utotoni wakivuka mfereji. Siku ile, kwa saa chache, Apolonia alimwamini kila mtu. Aliikumbuka baadaye kama siku aliyokunywa pombe asiyoijua.

Tarehe mosi Julai mwaka sabini na tatu, miaka kumi iliisha. Uwanja wa mbele ya Jumba ulijaa hadi mtoni. Gavana alipanda jukwaani na hotuba yake. Alipofika ukurasa wa pili alinyamaza, akashika meza, meza ikamkataa, akaanguka chali mbele ya watu elfu tano.

Haukuwa umepita mwezi tangu Jumapili ile.

Hakuna aliyepiga kelele. Watu wa Mijn Geduld walitazamana tu, halafu wakaanza kurudi nyuma polepole. Jioni mji wote ulikuwa umeshahukumu: kiapo kimemshika. Alidanganya. Karatasi ni mtego, miaka sita ni utumwa, udongo umesema. Asubuhi iliyofuata mzee yule aliyeuliza swali la kwanza alikwenda kwa Robles akaiweka karatasi yake mezani kwa ncha za vidole viwili, akatoka bila neno. Kufikia saa sita mchana karatasi zilizorudishwa zilikuwa saba.

Sasa, palikuwa na mtu mmoja Paramaribo aliyejua kwamba udongo haukusema lolote. Apolonia alikuwa anazifua shuka za gavana tangu mwezi wa Februari, na tangu Februari kila siku ya tatu zilikuja zimelowa chapachapa, zenye mchoro wa mtu mzima kwa jasho la njano, na foronya zinanuka kwinini. Siku ya tatu, halafu siku ya tatu tena, bila kukosa. Ni homa ya kinamasi, ile ya kawaida inayoshika wazungu na weusi, na ilimshika miezi minne kabla hajaonja tope la mtu. Daktari alikuwa anaingia kwa mlango wa jikoni. Ilifichwa, maana wenye mashamba wangeandika Hague kesho yake kwamba gavana ni mgonjwa arudishwe. Ndani ya Jumba waliijua watu watatu. Nje, aliijua dobi.

Filida alimjia siku mbili baada ya gavana kuanguka, jua la asubuhi likiwa bado laini. Alikuwa na karatasi yake ndani ya kitambaa. Na, kwa bahati mbaya yake, alijitahidi kutabasamu.

"Polo, nakuuliza kitu, unijibu kidada. Wewe ndiye unayefua shuka zake. Huyu mtu alianza kuumwa lini?"

Apolonia aliinama juu ya ndoo ya wanga. Jibu lilikuwa mdomoni. Februari. Neno moja. Lakini alimwona Filida, na nyuma ya Filida akaliona lango la Jumba, na askari aliyekuwa ananunua togwa kwake kila siku kwa mazungumzo marefu. Mbona anauliza shuka? Mbona leo? Mbona anatabasamu? Wale madobi wawili nao walianza kwa kuulizwa kidada.

"Mimi nafua," alisema. "Sisomi shuka."

"Polo. Ni mimi."

"Najua ni wewe."

"Wenzetu wote wanarudisha. Mimi nitakaa kule peke yangu na mtu aliyelaaniwa na kiapo? Niambie tu, alikuwa mzima au hakuwa mzima? Tikisa kichwa basi!"

"Filida, nina mashati kumi na nane ya kupiga pasi."

Tabasamu la Filida lilikuwa limeshakufa. "Na ya kwako, umerudisha?"

"Bado naifikiria," Apolonia alisema, na huo ndio uongo wa pekee aliousema asubuhi ile, maana alikuwa ameishona karatasi ndani ya sketi yake na hakuwa na nia ya kuirudisha hata gavana akizikwa. Filida akaenda moja kwa moja kwa Robles. Apolonia alimwona kwa juu ya kamba ya nguo, akaingia na kile kitambaa, akatoka bila kitu. Alitaka kuita. Badala yake akajiambia: kama ni mkweli, si ataipata nyingine? Hii nayo ni namna ya kujidanganya, na yeye aliyewashuku watu wote hakuwahi kujishuku mwenyewe.

Mwisho wa juma karatasi ishirini na moja zilikuwa mezani kwa Robles.

Gavana hakufa. Baada ya wiki tatu alishuka uani, anashikilia fimbo, mashavu yamebonyea. Mara hii hakutabasamu, na pengine kwa hilo alistahili kuaminiwa zaidi.

"Polonia, wanasema nilidanganya."

"Wanasema, Masra."

"Lakini wewe unajua. Mke wangu ananiambia dobi hujua kabla ya daktari. Waambie. Nakupa ruhusa mimi mwenyewe, waambie nilikuwa naumwa tangu mwanzo wa mwaka. Watakusikia wewe, mimi hawanisikii."

Apolonia alimtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu aje. Aliona mtu aliyechoka na aliyekuwa akisema kweli, na aliiona kweli hiyo waziwazi. Kisha akaiona ile saa mkononi mwake ngomeni. Leo ananisihi niseme, aliwaza, kesho atasema huyu dobi anasema mambo ya shuka zangu, mfukuzeni, na karatasi yake ichukuliwe. Mdomo uliponza kichwa.

"Masra Gavana," alisema, "mimi nafua tu. Sisomi shuka."

Gavana akaitikia kwa kichwa, taratibu, akaondoka. Hakurudi tena uani.

Mwezi wa Septemba Apolonia alihamia kipande namba tisa. Alilima, akapanda ndizi, akapanda mihogo, akamfanyia mama yake ua mdogo wa fito. Mwaka wa kwanza aliona raha mpaka akaogopa. Hatua zake mia za boma alizitunza kama kitambaa cha kanisani. Kaa wa matopeni walipotoboa shimo, yeye alikuwa ameshaliziba kabla hawajaingia. Lakini kulia kwake na kushoto kwake palikuwa na hatua mia na mia na mia zisizo na mtu. Kaa wakachimba huko kwa amani. Kidole kimoja hakivunji chawa, na mwanamke mmoja hazuii mto. Kila maji makuu, mto unapojaa kupita kawaida, alikesha akitembea juu ya boma na koleo, akiziba hatua zake, kisha akiziba za namba nane, kisha za namba kumi iliyokuwa ya Filida, mpaka mgongo ukagoma.

Gavana aligombana na baraza la wenye mashamba juu ya kodi na shule, akajiuzulu, akapanda meli. Haukupita muda akachaguliwa tena Bungeni. Mwaka wa tano karani Robles, aliyekuwa anakuja kwa mtumbwi mara mbili kwa mwaka kukagua kama Apolonia bado yupo, alikuja na gazeti la Hague mfukoni. Alisita, kisha akamsomea. Jonkheer van Oldebeek alikuwa ameulizwa mbona watu wa Suriname hawapewi ardhi. Akajibu kwamba yeye, aliyetetea uhuru wao tangu ujana wake, alikwenda akawapa ardhi bure, na wakairudisha. Kwamba hata tope lao alikunywa ili wamwamini, na hapo gazeti liliandika kwamba wabunge walicheka. Na kwamba kwa masikitiko makubwa ameona watu hao hawajawa tayari, bora ardhi ipewe mashirika ya kuleta wafanyakazi kutoka India.

"Walicheka?" Apolonia aliuliza.

"Imeandikwa hivyo. Kicheko."

Apolonia alitazama kaburi. Aliona aibu, kwa niaba ya mama yake kwanza, kisha kwa niaba yake. Kisha akawa na hasira na gavana, na hasira hiyo aliifurahia, maana ilimwonyesha kwamba alikuwa na haki ya kumshuku tangu mwanzo. Alikaa nayo siku nzima. Kufikia jioni ilikuwa imeisha, akabaki na swali ambalo hakulitaka: kama angesema ile Februari, yule mtu angekuwa na cha kuchekesha?

Mwezi wa Machi wa mwaka huohuo maji makuu yalikuja pamoja na mvua ya siku nne. Boma lilipasuka saa nne asubuhi, kwa sauti kama ya mtu anayekohoa. Halikupasuka kwenye hatua zake. Lilipasuka mbele ya namba kumi, na mto ukaingia, ukaulaza mgomba wa kwanza, ukaulaza wa pili, ukafika kwenye ua wa fito. Apolonia aliingia majini mpaka kiunoni na mfuko wa udongo, ukasombwa. Akaenda na mwingine, ukasombwa.

Mtu wa kwanza kufika alikuwa Filida. Alikuwa anauza samaki wa chumvi katika mashamba ya jirani, akaona maji yana rangi ya tope, akajua. Alifunga mtumbwi, akapandisha sketi mpaka magotini, akaanza kumpokeza mifuko bila salamu. Walifanya kazi mpaka saa tisa, wanawake wawili wa miaka hamsini na tatu, mikono ikatoka damu. Maji hayakupungua hata kidogo. Mwishowe wakakaa juu ya kipande cha boma kilichobaki, wakitazama ua wa kaburi unavyong'oka fito moja moja na kuelea.

Filida ndiye aliyeanza. Hakuwa na hasira. Alikuwa anauliza tu, kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka vibaya zamani.

"Polo, wewe mbona hukurudisha yako? Hukuogopa kiapo?"

Apolonia alikuwa amechoka mno kuweza kupima maneno. "Alikuwa mgonjwa tangu Februari. Nilikuwa nazifua shuka zake kila siku ya tatu. Kiapo hakikumfanya lolote."

Filida aligeuka taratibu. "Nilikuuliza."

"Uliniuliza."

"Nilikuja na karatasi mkononi, nikakuuliza kidada. Nikakuambia tikisa kichwa."

"Nilidhani umetumwa." Sauti ya Apolonia ilikuwa ndogo. "Wale madobi wawili. Halafu ukapewa lango la kuuzia togwa. Nikadhani ni wewe uliyewachongea."

"Lango nilipewa na askari mmoja aliyetaka kunioa. Si ulimkuta kwangu? Si ulikula ndizi zake?" Filida alifuta damu ya mikono kwenye sketi, akasema, "Kaka yangu alihesabiwa viboko na mtu huyo, Polo. Mimi ndiye niliyekuwa na sababu ya kumshuku. Nikasema, nitamuuliza Apolonia. Apolonia hanidanganyi. Akisema nikae, nitakaa."

Apolonia alianza kulia. Alilia wazi, kama mtoto, bila kujifunika. Filida hakumgusa. Alisimama, akajikamua sketi, akashuka mpaka kwenye mtumbwi na kuanza kufungua kamba.

"Filida, usiende. Rudi, nakuomba. Rudi hapa kwangu."

"Hapo ni kwako," Filida alisema. Alinyoosha mkono kuelekea namba kumi, kule mto ulikokuwa unaingia kwa upana wa nyumba. "Mimi kwangu ni pale."